Gari Lililochakaa Bila Kutembea

Kabla hawajaniambia nenda kapumzike, kazi yangu ilikuwa kuendesha lifti. Usicheke. Nimesafiri kuliko rubani. Ukizijumlisha zile ghorofa zote, za kupanda na za kushuka, nilikwisha fika mwezini, nikanywa chai ya huko, ambayo sukari yake ni ya mashaka, nikarudi. Tatizo ni moja tu: kila mara nilishukia pale pale chini, mlango ukafunguka, mtu mwenye mkoba akaingia na kusema, "Juu, tafadhali."

Ni humo ndani ya lifti nilimojifunza kusimulia. Watu wakifungiwa kwenye kisanduku huvitazama viatu vyao kana kwamba wanataka kuvinunua. Niliwaonea huruma. Nikaanza kuwapa hadithi, fupi kwa wa ghorofa za chini, ndefu kwa wa juu. Wengine walipitiliza ghorofa zao makusudi ili wasikie mwisho. Mmoja wao alikuwa daktari wa meno, mwenye chumba chake cha kazi juu kabisa, na huyo ndiye aliyenipa Kobe.

Kobe ni gari. Gari la bluu, au tuseme lililokuwa bluu, lenye mgongo wa duara na taa mbili zilizotoka nje kama macho ya mtu aliyetajiwa bei. Daktari alilinunua likiwa jipya, lakini mkono wake ulikuwa umezoea kazi moja: alibadilisha gia kama anayeng'oa jino. Kobe hajamaliza hata kuzoeana na barabara, giaboksi likafa. Daktari mwenyewe alikuwa anahama, anawafuata wanawe ng'ambo. Akanipa ufunguo ndani ya lifti, tukiwa katikati ya ghorofa na ghorofa. "Umenisimulia bure miaka yote," akasema. "Chukua." Tukamkokota Kobe kwa kamba hadi kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yetu, tukaagiza kipuri.

Kipuri hicho bado kiko njiani. Hata leo nikisikia kengele ya baiskeli huchungulia.

Siku ya kwanza tulikaa ndani ya gari kukisubiri. Mke wangu alikaa kiti cha pembeni yangu na kikapu chake cha kushonea. Mabati ya banda lile yana vitundu vya misumari, na jua la alasiri likipita pale hushusha nyuzi nyembamba za mwanga hadi kwenye mgongo wa gari. Vumbi hupanda na kushuka ndani ya nyuzi hizo, polepole, kama abiria wangu wa zamani. Kulikuwa kimya. Viti vilinuka ngozi na mvua ya zamani. Nikashika usukani. Nikakanyaga klachi, kwa heshima tu. Nikasema, "Haya, tumetoka."

Mke wangu hakuinua macho kwenye sindano yake. "Tunakwenda wapi?"

Nikamwambia. Ndivyo safari zilivyoanza, na hazikukoma. Kila alasiri, chai ikishanywewa, tuliingia bandani tukafunga milango ya gari, maana mlango usipofungwa vizuri upepo huingia.

Tulipita mji ambao watu wake huanika vivuli vyao kwenye kamba asubuhi, na jioni hugombana kila mtu akidai kile kirefu ni chake. Tulivuka mto ambao siku za joto hupanda mlimani kwenda kupunga upepo, na madaraja yakabaki yametazamana hayana kazi. Kuna soko moja huko wanapima mvua kwa vikombe. Mke wangu alitaka kidogo, ya bustani, nikamkatalia. Nilimwambia itamwagikia kiti. Na mwisho wa yote kulikuwa na mlima wa chumvi, mweupe mpaka macho yanauma, wenye kona mbaya kuliko kona zote duniani. Hapo kila mara mke wangu alikita kisigino sakafuni kwa nguvu zake zote, kulisimamisha gari ambalo lilikuwa limesimama.

"Taratibu, wewe!"

"Mbona naenda taratibu."

"Taratibu gani hiyo, miti inakimbia?"

Ndiyo maana nikamwita Breki. Jina likamkaa. Hata muuza mboga anamwita Mama Breki, na ukimuuliza kwa nini atakwambia ni jina la ukoo.

Basi tungeendelea hivyo mpaka tuishe, kama si simu ya dada.

Dada mkubwa wa mke wangu anaishi mbali, kule reli inakoishia, na magoti yake yamekataa kusafiri. Hawakuwa wameonana tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Walizungumza kwenye simu, wakacheka, wakagombana kuhusu mambo ya utotoni, ikatosha. Siku hiyo dada hakugombana. Alisema daktari wa macho amemwambia mwanga unapungua, na ukiisha umeisha.

"Sauti yako ninayo," alimwambia mdogo wake. "Uso wako wa sasa siujui. Njoo nikuone."

Mke wangu aliweka simu akarudi kukunja nguo. Alikunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Tumuuze Kobe."

"Breki wangu," nikasema, "nitakupeleka kwa dada yako leo hii hii. Tunapita kwa nyuma ya mlima wa chumvi, tunatokea..."

"Mzee."

Neno moja tu, na sauti hata hakuipandisha.

"Dada yangu," akasema, "hayuko kwenye barabara hiyo."

Pensheni yangu inatosha kutupeleka sote wawili hadi dukani na kuturudisha, mradi tutembee kwa miguu. Kitu cha thamani tulichokuwa nacho ni Kobe, kama kweli alikuwa na thamani, na hilo ndilo tulilokuwa hatulijui.

Wa kwanza kumtazama alikuwa Fundi Rangi, jirani yetu, ambaye hupaka magari rangi mtaa wa pili na hubeba kila mahali madoa ya kazi ya jana. Alizunguka banda, akapiga boneti kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Mzee, ukiuza hivi, hiki ni chuma tu. Watakuja na mizani, wataondoka nacho kwa kilo. Lakini nipe nafasi, nikipige msasa, nikipake nyekundu, king'ae kama peremende. Nyekundu inauza, mzee!"

"Kobe mwekundu umemwona wapi?"

"Na wewe Kobe wa bei umemwona wapi?"

Mke wangu alicheka, halafu akaacha kucheka, maana alikuwa anaipiga hesabu nauli kichwani. Nilimwona anaelekea kukubali. Lakini Fundi Rangi ni mtu muungwana. Alikuwa ameshafungua hadi begi la misasa, akasita. "Lakini kabla sijaligusa," akasema, "kuna mama mmoja kazi yake ni kuthamini magari ya zamani. Mwiteni kwanza. Akisema chuma, mimi nipo."

Mthamini alikuja alasiri, saa ile nyuzi za mwanga zinapoanza kushuka. Mama wa makamo, ndani ya ovaroli safi, ana tochi, sumaku iliyofungwa kwenye uzi, na kistuli cha kukunja. Alitusalimia kwa adabu, "Shikamoo baba, shikamoo mama," kisha akatusahau. Alimzunguka Kobe, akiigusisha sumaku hapa na pale. Kila mahali ilinata. Tik. Tik. Tik.

"Hakuna pati ya kuzibia mabonyeo," akasema, kama anayeongea na gari lenyewe. "Hakuna hata bati lililobadilishwa." Akaweka kiganja juu ya ile bluu iliyopauka. "Baba, nani aliyezuia lisipakwe rangi miaka yote hii?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Uvivu, mwanangu."

"Basi uvivu wako una faida." Akakaa kwenye kistuli chake akatueleza. Kupaka rangi mpya, alisema, mtu anaweza hata kesho. Kuirudisha ile ya kwanza ukishaifuta, hakuna anayeweza. Kuna watu wanalitafuta gari ambalo hakuna mkono uliolitengeneza upya, likiwa na rangi yake yenyewe, viti vyake, mikwaruzo yake, na wanalilipia vizuri kuliko linalong'aa. "Mradi tu," akasema, "liwe ni lenyewe kweli. Nikikuta uongo mmoja kwenye gari, hata lile la kweli siliamini tena."

Hapo ndipo ningefunga mdomo. Mtu mwenye busara angefunga mdomo. Lakini nilisikia neno "vizuri" likinipanda kichwani, na nimezoea mtu akisimama karibu yangu ndani ya chumba kidogo kumpa kitu. Nikamwambia Kobe alivyombeba mfalme aliyemwogopa farasi wake mwenyewe. Nikamwambia jinsi tulivyokata jangwa lenye mchanga unaoimba, mpaka matairi yakaujua wimbo. Mke wangu akakohoa. Nikadhani ni vumbi, nikamwambia habari za mlima wa chumvi.

Mthamini alisikiliza akitabasamu. Kisha akafungua mlango wa dereva, akawasha tochi, na tabasamu likamtoka.

Alikaa amechuchumaa pale kwa muda mrefu. Akamulika mita ya kilomita. Akamulika pedali. Akapitisha kidole kwenye usukani, akabonyeza kiti, akarudi kwenye mita.

"Baba, mita hii inasema gari halijatembea kitu. Safari za mtu anayekwenda kazini na kurudi, tena kwa muda mfupi."

"Ni kweli kabisa."

"Lakini mpira wa pedali ya klachi umekwisha mpaka chuma. Usukani umelika pale vidole vinaposhika. Kirungu cha gia hakina hata alama moja iliyobaki. Kiti kimebonyea kama godoro la wageni." Akainuka. "Gari hili limezunguka dunia. Mita imerudishwa nyuma."

"Haijaguswa hiyo!"

"Wewe mwenyewe umeniambia jangwa."

"Jangwa lilikuwa..." Nikatafuta neno. "Lilikuwa la kukaa."

"La kukaa."

"Tunaingia, tunakaa, tunakwenda. Gari haliondoki."

"Na klachi ikaisha kwa kukaa?"

"Nilikuwa nabadilisha gia."

"Gari limesimama!"

"Sasa mama, mlima wote ule utaupandaje na gia ya nne?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayepaswa kukaa kivulini. Akazima tochi. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba mita ikiwa imechezewa, hawezi kuliita gari ambalo halijaguswa. Itabidi atoe bei ya chuma, na bei ya chuma tunayo tayari.

Nimesema mengi maishani mwangu, na yote yaliaminiwa, au walau watu walipitiliza ghorofa kwa ajili yake. Siku hiyo nilikuwa na ukweli mkononi na haukuwa na sura. Ulifanana na uongo wangu mbaya kuliko wote. Nilimwona mke wangu amesimama kando ya ukuta, mikono ameifunga kwenye kanga yake, anamwangalia yule mama akikunja kistuli, na nilijua anachokiona ni dada yake dirishani na mwanga unapungua.

Mke wangu akaja mbele. Akafungua mlango wa abiria, akaketi mahali pake, akaweka kikapu cha kushonea mapajani.

"Ingia, mzee," akasema. "Endesha."

"Mbele ya mgeni?"

"Endesha nimekwambia. Na wewe mwanangu, panda nyuma. Ukichoka utashuka, hatuko mbali."

Mthamini alitazama saa yake, akamtazama mke wangu, na sijui aliona nini, akapanda. Nikafunga mlango. Kimya kile cha banda kikatushukia, na harufu ile ya ngozi na mvua. Nikakanyaga klachi.

"Haya, tumetoka."

"Tunakwenda wapi?" akauliza mke wangu.

Tulianza polepole. Tukauacha mji wa vivuli kushoto, ilikuwa siku ya kufua na kamba zote zimejaa. Kivuli cha mtoto kilikuwa kimedondoka, kinamfuata mbuzi. Mto ulikuwa nyumbani, kwa hiyo tulipita juu ya daraja. Sokoni mvua ilikuwa imeshuka bei. Nyuzi za mwanga ziliteleza juu ya kioo cha mbele moja baada ya nyingine, jinsi jua lilivyokuwa linasogea, na nakuapia kwa mtu aliyekaa ndani ilikuwa ni miti. Nilisikia nyuma yangu pumzi ya mthamini ikipungua haraka zake. Nikapandisha gia. Weupe ukaanza kutokea mbele yetu. Nikasahau bei, nikasahau mita, nikaingia ile kona ya chumvi kwa kasi ambayo sijawahi kuithubutu.

"Taratibu, wewe!" Kisigino cha mke wangu kikashuka. Du!

Tochi ikawaka nyuma.

"Subiri," akasema mthamini. "Mama, inua mguu wako."

Mke wangu akainua mguu. Pale chini, upande ambao hakuna pedali yoyote, kapeti lilikuwa na tundu la ukubwa wa kisigino. Lilikuwa limekula kapeti, limekula gunia lililo chini ya kapeti, limefika kwenye bati, na bati lenyewe limesuguliwa hadi linameta kama kijiko.

Mthamini alilitazama tundu lile. Kisha akashuka, akaomba jeki. Akavua gurudumu la mbele, akafungua ngoma ya breki, akaingiza tochi na kichwa. Viatu vya breki vilikuwa vinene kama siku vilipotoka kiwandani. Akapitisha kidole pembeni mwa tairi. Vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya huja navyo vilikuwa vipo bado, vigumu kwa uzee.

"Pedali imekwisha," akasema, akiwa bado amepiga magoti, "na breki hazijaanza." Halafu akacheka, kicheko kirefu, mpaka akaegemea tairi. "Nimeona mita nyingi zimerudishwa, mama. Sijaona mwizi aliyekumbuka kutoboa kapeti upande wa abiria."

Mke wangu hakucheka. "Hilo tundu linapunguza bei kiasi gani?"

"Pedali inapunguza. Usukani unapunguza. Tundu, kwa kawaida, lingepunguza." Akajifuta mikono. "Lakini ndilo lililonifanya niiamini mita. Siligusi."

Akataja bei. Sitaitaja hapa kwa sababu hutaniamini, na kwa mara ya kwanza sikuongeza chochote.

"Itanifikisha kwa dada?" mke wangu akauliza.

"Kufika na kurudi, mama. Wote wawili."

Alipokuwa anaingiza vitu vyake kwenye begi alikawia kidogo mlangoni. "Baba," akaniuliza, huku anaitazama tochi yake, "pale sokoni. Ile mvua wanapima kwa kikombe kikubwa au kidogo?"

"Kidogo. Lakini wanajaza hadi juu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la maana.

Kobe aliondoka juu ya lori, kinyumenyume, ananitazama kwa macho yake yale ya kutajiwa bei. Mnunuzi, aliyeletwa na mthamini, aliapa hatamgusa. Banda lilibaki na alama nne za matairi, na nyuzi za mwanga sasa zilifika hadi sakafuni, mahali ambapo hazikuwahi kufika.

Nilidhani mke wangu atakwenda peke yake. Nilidhani, au nilitumaini. Mimi na mwezi tunafahamiana, lakini treni ni jambo jingine.

"Unakuja," akasema.

"Bustani itamwagiliwa na nani?"

"Na mvua. Ile uliyonikatalia kununua."

Kwenye treni nilinyamaza. Mke wangu alikaa dirishani, kikapu cha kushonea hakukifungua kabisa. Vilima vilipita, havina chumvi, vina mbuzi. Nyumba, mtu anayefunga geti, mto ulioshika njia yake. Nilifungua mdomo nimweleze kilicho nyuma ya kilima kile, akaniwekea mkono gotini. "Ngoja," akasema. "Nataka kuangalia." Na miti, ndugu yangu, inakimbia kweli. Nilikuwa naisema tu, kumbe inakimbia. Tulipofika kwenye kona, kisigino chake kikashuka sakafuni. Treni ikapunguza mwendo. Amini usiamini.

"Unaona?" akasema. "Huyu anasikia."

Dada alitungoja mlangoni, ameshika fremu. Hakumkumbatia mdogo wake. Alimshika mkono akamvuta hadi dirishani, akamgeuza uso kwenye mwanga, akausogelea karibu kama mtu anayesoma maandishi madogo. Alimwangalia paji la uso, akamwangalia pua, akarudi machoni. Mke wangu alisimama wima kama mtoto anayepimwa nguo.

"Kidevu cha mama umekichukua wewe," akasema dada mwishowe.

"Na kelele zake umechukua wewe."

Ndipo wakakumbatiana, nami nikaenda kuangalia ukuta.

Siku zote tulizokaa pale, dada alimweka dirishani kila asubuhi akamtazama upya, maana mwanga wa asubuhi ndio uliokuwa bado unamtii. Jioni haukumtii. Jioni ya kwanza, vyumba vilipoanza kumpotea, aligeukia upande wangu. "Na wewe wa lifti, nasikia uongo wako una sifa. Nipe kidogo. Macho yamechoka."

Nilipanga viti vya sebuleni, viwili mbele na kimoja nyuma, juu ya mkeka wake mpya. Dada akachagua cha nyuma, akasema yeye ni mkubwa, hakai karibu na dereva asiyemjua. Mke wangu akakaa pembeni yangu na kikapu chake. Nikakanyaga klachi.

"Tunakwenda wapi?" akauliza dada, macho ameyafumba.

Niliwapitisha njia ndefu. Kwenye ile kona nilisikia kisigino cha Breki kikitua, du, na nyuma yangu, kama mwangwi, kisigino cha pili.

Mkeka ule ni wa ukili mzuri, umesukwa kwa mkono. Nimeutazama. Hautafika mbali.